Simu ya Dirishani

"Usiiguse bado," Rabson alisema. "Acha ilie kwanza."

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika thelathini na nane asubuhi, katika ofisi ya wasukaji wa vikapu pale Kalenga. Rabson alikuwa ameshika simu ya kioo isiyo na laini ndani yake. Alikuwa amefungua WhatsApp ya kikundi, akaandika namba ya simu ya mezani, akaruka sehemu ya kutumiwa ujumbe, akabonyeza palipoandikwa "Nipigie". Sasa yeye na Veneranda, katibu wa kikundi, walikuwa wanaitazama ile simu nyeusi ya kuzungusha iliyokaa kwenye kizingiti cha dirisha. Kisahani chake cha kuzungushia namba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli dogo la shaba.

Simu ikalia. Kabla Veneranda hajainuka, mkono uliingia kutoka nje katikati ya nondo za dirisha, ukanyanyua mkono wa simu.

"Halo, Kalenga!"

"Mzee Marcelino, nipe hiyo simu!"

"Mbona mkali asubuhi hii, mama? Simu imelia, nimepokea." Mzee aliyekuwa na jembe begani aliisikiliza tena. "Ni mwanamke. Anataja namba tu. Wala hasalimii."

Veneranda alimpokonya, akamtajia Rabson zile tarakimu kama alivyozisikia: tatu, kisha kimya kidogo, kisha tatu. Rabson aliziandika moja moja. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na moja. Kioo kilizunguka, kikatulia, kikauliza swali jipya. Kilitaka PIN.

"PIN gani?" Veneranda aliuliza. "Sisi hatukuweka PIN. Ulituambia tuweke, tukasema tutaweka tukikutana."

"Najua," Rabson alisema. "Basi aliyeichukua ndiye aliyeiweka."

Rabson alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda Ilomba, Mbeya. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua simu mbovu na kuandika kwenye daftari kila alichokiona. Mwaka uliotangulia ndiye aliyewafungulia wanawake hawa WhatsApp ya biashara kwa namba ya simu ya mezani. Sababu yao aliielewa vizuri. Namba yao ya zamani ilikuwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya Evarista, katibu wa kwanza. Evarista alipoolewa Songea, namba ikaenda naye, na wateja wakaenda na namba. Wakaapa kwamba namba ya kikundi haitakuwa tena ya mtu. Itakuwa ya nyumba. Wakaishona kwenye kitambaa kidogo ndani ya kila kikapu wanachouza.

Jumapili mtu aliichukua namba hiyo, akaifungulia WhatsApp kwenye simu yake mwenyewe. Mchana wa siku hiyo wateja wote walipata ujumbe kutoka namba ileile: kikundi cha Kalenga kimevunjika kwa ugomvi, oda zote sasa ni Mwanjelwa, Mbeya, dukani kwa Dastan.

"Saa tisa wanakutana kunitoa," Veneranda alisema. Alikaa, akachukua kikapu alichokuwa amekianza, lakini hakusuka. "Funguo ya mlango ninayo mimi. Funguo ya kufuli ninayo mimi. Jumapili sikwenda kanisani. Mama alikuwa na homa, nikakaa naye. Shahidi wangu ni mama mwenye homa. Nimesuka hapa miaka kumi na minne, fundi. Mkono wangu wa kuanzia kitako cha kikapu watu wanaujua mpaka Dar. Sitoki hapa kama mwizi."

"Hujatoka bado."

"Na ukikuta ni mimi?"

"Nitasema ni wewe," Rabson alijibu kwa sauti yake ndogo.

Veneranda alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Afadhali wewe. Wengine wameshakuta kabla ya kutafuta."

Wakati huo simu ya dirishani ililia tena. Veneranda aliiwahi. Aliisikiliza, uso ukabadilika.

"Ni yule mwanamke wa namba. Umemwita wewe?"

"Hapana." Rabson alitazama saa. Saa tatu na dakika arobaini na nne. "Mwizi ndiye aliyemwita. Tulipoandika zile tarakimu, yeye alitupwa nje, hata kama sisi hatuijui PIN. Ameona. Anajaribu kurudi. Weka chini, usiseme namba kwa sauti."

Aliweka. Haikupita dakika moja, ikalia tena.

"Halo?" Veneranda alisema. "Halo, nani?" Akageuka. "Amekata. Amenisikia sauti, akakata."

Rabson alitoa daftari lake akaandika: *Baada ya mashine, mtu. Akisikia Veneranda, anakata.* Kisha akainuka kulitazama dirisha. Upande wa ndani wa ubao wa dirisha, unaobaki wazi nje mchana na usiku kwa sababu bawaba zake zimeshika kutu, kulikuwa na maandishi ya mkaa yaliyoanza kufutika. Tarakimu sita. Tatu zilikuwa mbali kidogo na tatu.

"Haya nini?"

"Lita za maziwa, labda. Roza anauza maziwa hapo barazani. Huwa anaandika popote."

Rabson alizinakili. "Huyu Roza yuko wapi leo?"

"Kavuka mto, kwao kuna mgeni katoka Usangu. Lakini Jumapili hakuna mtu hapa, fundi. Kalenga yote ipo kanisani, kisha kwenye mnada wa kanisa."

Saa nne na nusu aliongea na Happy, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyepewa kazi ya kuwajibu wateja. Alimkuta mtoni akilowesha milulu, zile nyasi za kusukia vikapu.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Jumapili ile simu ya kioo ulikuwa nayo wewe?"

"Mimi. Haina laini, inakula intaneti ya simu yangu, kwa hiyo inalala kwangu. Nilikuwa nayo mnadani." Alikunja uso. "Na wewe unaniona mwizi? Mama mwenyekiti kaniuliza mara tatu."

"Naona mtu anayelowesha milulu. Ilikutoa nje saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi na tatu. Nilitazama, maana ilitetemeka mfukoni nikadhani ni oda. Nilikuwa nimemaliza kumrekodi Mzee Marcelino, ananadi jogoo wake asiye na mkia. Fundi, watu walicheka hadi mchungaji akakaa chini. Mzee anasema, 'Mkia kaukataa mwenyewe, ni kuku mnyenyekevu!' Basi nikamnunua mimi."

"Kumbe ana mnunuzi." Rabson alitabasamu kidogo. "Usiifute hiyo video."

"Nimfute jogoo wangu?"

Saa tano na nusu alikuwa kwa Mwalimu Liberatus. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alikuwa mlezi wa kikundi tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyewapatia mnunuzi wa kwanza kutoka Iringa mjini. Alimkaribisha Rabson chai, akaishusha kofia, akasikitika.

"Inauma, kijana wangu. Veneranda ni kama mwanangu. Lakini funguo zinaongea. Lile kufuli nililinunua mimi mwenyewe ili simu isichezewe."

"Na wewe Jumapili, Mwalimu? Naandika tu kwa kila mtu."

"Andika. Mimi ndiye mnadishaji wa kanisa. Nimenadi tangu yai la kwanza hadi gunia la mwisho. Kalenga nzima walinisikia. Sauti mpaka leo imekauka, kama unavyosikia."

"Na huyu Dastan wa Mwanjelwa?"

"Huyo ndiye wa kukamata. Oda zinaenda kwa nani? Kwake. Sasa wewe umefuata nini huku juu, na mwizi uko naye huko huko Mbeya?"

Rabson aliandika yote. Hakumwambia kwamba jana yake asubuhi, kabla ya kupanda basi kuja Kalenga, alishaongea na Dastan. Dastan alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, na alikuwa amejawa na hofu.

"Nilipata ujumbe wa kikundi, kutoka namba ya kikundi," Dastan alimwambia akiwa amesimama katikati ya mikeka. "Unasema nitakuwa wakala wao. Ningeshuku nini? Namba nimeisoma ndani ya vikapu miaka yote! Jumapili nilikuwa hapa hapa natenga mzigo, muulize jirani." Rabson alimuuliza jirani. Dastan alikuwa pale.

Kwa hiyo Rabson alirudi ofisini, akasimama nje chini ya lile dirisha, akajaribu jambo moja. Aliingiza mkono katikati ya nondo. Mkono wa simu aliufikia bila kujinyoosha. Kisahani asingeweza kukizungusha kwa sababu ya kufuli.

"Mama Veneranda," aliita, "hili kufuli linazuia nini?"

"Watu wasipige."

"Na kupokea?"

Veneranda aligeuka kulitazama kufuli. Siku mbili nzima watu ishirini na watatu walikuwa wamebishana juu ya funguo, na hakuna aliyekumbuka kwamba simu iliyofungwa kufuli inapokewa na yeyote. Zamani ilikuwa simu pekee ya kijiji. Waliiweka dirishani kwa sababu hiyo: inapolia, anayepita anapokea, kisha anamwita mwenye kuitwa hata kama yuko shambani. Lilikuwa jambo la adabu. Mtu hawezi kuiacha simu ilie peke yake.

"Jumapili wote mpo kanisani," Rabson alisema. "Wote kabisa? Hakuna anayesali siku nyingine?"

Veneranda aliweka kikapu chini polepole.

"Roza," alisema. "Roza ni Msabato."

Walimkuta Roza saa saba ng'ambo ya Ruaha Mdogo, akimkamulia mgeni wake ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mrefu, aliyehamia kutoka Usangu na mumewe Bujiku miaka sita iliyopita. Rabson alimsalimia, akakaa kwenye kigogo, akangoja mpaka ndoo ijae.

"Mama, Jumapili ulipokea simu pale dirishani?"

"Nilipokea. Mara tatu."

"Mbona hukusema?" Veneranda aliuliza kwa nguvu.

"Nani aliniuliza?" Roza alimtazama usoni. "Mmepita barazani kwangu siku mbili mnaulizana nani aliingia ndani. Mimi sikuingia ndani. Na mimi wa kuja, mkinywa maziwa yangu mnanijua, mkiita mkutano mnanisahau."

Veneranda alisema, "Ni kweli. Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Haya, uliza, fundi."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Mwanamume. Kasema ni fundi wa laini, yuko mjini, anatengeneza simu ya akina mama. Simu italia, mashine itasoma namba, nimwandikie, atapiga tena. Nikaokota mkaa, nikaandika pale ubaoni. Akapiga tena, nikamsomea. Akashukuru vizuri sana."

"Sauti uliijua?"

"Alikuwa anaongea chini chini, kama mtu aliyefunika mdomo. Lakini hakuwa mjini, huyo." Roza alicheka. "Nyuma yake niliwasikia watu wananadi jogoo. 'Asiye na mkia, mara ya pili!' Jogoo asiye na mkia Kalenga yuko mmoja, ananilia pumba zangu kila siku. Nikasema moyoni, fundi gani wa mjini amesimama mnadani kwetu?"

Rabson aliandika sentensi hiyo, akapiga mstari chini yake.

Saa tisa kamili wasukaji wote walikuwa ofisini. Mama Faustina, mwenyekiti, alikaa mezani. Mwalimu Liberatus alikaa kando yake kama kawaida. Roza aliletewa kiti, jambo lililowafanya wengine wageuze shingo.

"Tulikuja kumtoa mtu," Mama Faustina alisema. "Fundi kaomba nafasi. Sema, baba, lakini kwa kifupi."

Rabson alisimama. Aliongea kwa sauti ndogo kiasi kwamba walio nyuma walisogea. Alieleza kuhusu kufuli na dirisha. Alimwomba Roza aeleze tena, na Roza akaeleza, hata kuhusu pumba. Aliwaonyesha tarakimu za mkaa ubaoni. Kisha akamwomba Happy aweke video mezani.

Saa kwenye video ilikuwa saa tano na dakika kumi na moja. Mzee Marcelino alionekana akimwinua jogoo juu ya kichwa, akipiga kelele. Watu walianza kucheka tena.

"Sasa msimtazame jogoo," Rabson alisema. "Jogoo ananadiwa na nani?"

"Na mwenyewe!" Marcelino alijibu kutoka mlangoni. "Mwalimu alinipa zamu, kasema anapumzisha koo."

"Mwalimu aliniambia alinadi tangu yai la kwanza hadi gunia la mwisho. Happy alikuwa ameshanieleza vingine, bila kujua. Sikutaka kuamua haraka, mtu anaweza kusahau. Tazameni kona ya kushoto, pale kwenye mkaratusi."

Kwenye kona ya kioo alisimama mwanamume mwenye koti la kijivu, amewapa watu mgongo. Mkono mmoja ulishika simu sikioni, mwingine ulifunika mdomo. Koti lile lile lilikuwa limevaliwa pale mezani.

Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa naongea na mwanangu," Mwalimu Liberatus alisema.

"Inawezekana," Rabson alijibu. "Basi ni rahisi. Fungua simu yako hapa, utuonyeshe namba uliyopiga saa tano na dakika kumi na moja. Na ile ya leo saa tatu na dakika arobaini na tano. Ikiwa ni ya mwanao, nitakuomba radhi mbele ya wote na nitapanda basi."

"Simu yangu si mali ya kikundi. Sifungui."

Mama Faustina alimgeukia taratibu. "Mwalimu. Jana Veneranda alimwaga pochi yake juu ya meza hii, mpaka dawa za mama yake tukazitazama. Wewe ndiye uliyesema amwage. Leo unasema sifungui?"

Nje Marcelino aliweka jembe chini.

"Haya," Mwalimu alisema, na sauti yake iliyokauka ikawa ghafla nzima. "Ni mimi. Mnataka nilie? Nani aliwatoa kusukia uani? Nani alitembea na vikapu vyenu kichwani Iringa mjini kama kichaa? Mimi! Nikasema laini isajiliwe kwa vidole vyangu, tuwe na mtu mmoja wa kujibu. Mkaniambia namba isiwe ya mtu. Mkashona namba ya simu mbovu kwenye kila kikapu. Jina langu liko wapi? Nimekodi chumba Mwanjelwa nyuma ya duka la Dastan, ningefanya biashara ya kweli. Mngekuja wenyewe mmoja mmoja kuniuzia."

"Na mimi?" Veneranda aliuliza.

Mwalimu hakumtazama. "Funguo ulikuwa nazo wewe. Sikuhitaji kusema mengi."

"Ulikuja nyumbani Jumapili jioni kumjulia hali mama yangu. Ulikunywa uji wangu."

Mwalimu alirekebisha kofia. "PIN sitoi. Bila PIN mtangoja siku saba, fundi wenu anajua. Siku saba wateja watasahau njia ya huku."

Macho yote yalimgeukia Rabson.

"Ni kweli, ni siku saba," alisema. "Zimeanza leo saa tatu na dakika arobaini na moja. Lakini na yeye yuko nje tangu saa hiyo, na akijaribu tena itabidi hii simu ilie hapa. Hana namba tena. Alichobaki nacho ni kutuchelewesha."

Mama Faustina alisimama. "Basi tutangoja. Tulingoja mvua ya milulu, tutashindwa siku saba? Mwalimu, toka kwenye hicho kiti. Kesho asubuhi tunakwenda wote kituo cha polisi, wewe, sisi na jogoo." Akageuka. "Mama Veneranda, kaa hapa."

Veneranda hakukaa. Alikwenda dirishani, akatoa funguo shingoni, akafungua lile kufuli la shaba, akalitupa ndani ya kikapu kibovu. Akafungua daftari ambamo alikuwa ameandika jina na namba ya kila mteja kwa mkono tangu siku namba ilipokwenda Songea. Yalikuwa majina mia moja na tisini. Akazungusha kisahani, kikarudi polepole kikilia trrr, tarakimu moja moja.

"Halo? Hapa ni Kalenga, wasukaji. Ndiyo, namba ni ileile iliyo ndani ya kikapu chako. Hapana, hatujavunjika. Nani kakwambia tumevunjika? Nasema tupo."

Wanawake walianza kusuka huku wakisikiliza. Happy aliweka alama kwa kila jina lililojibiwa. Rabson aliketi na karatasi, akaandika kwa herufi kubwa hatua za kufuata Jumanne ijayo: nani apokee, nani aandike tarakimu, nani wawili wachague PIN. Roza alihamisha madumu yake ya maziwa yakawa jirani kabisa na dirisha.

"Ikilia nikiwa peke yangu?" aliuliza.

"Pokea," Veneranda alimwambia. "Lakini akitaka namba, mwambie aje azisome mwenyewe mlangoni."

Saa kumi na mbili giza liliingia ndani ya chumba, na maandishi ya daftari hayakuonekana tena. Veneranda alikuwa amefika jina la arobaini na moja. Kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu kwa kuzungusha. Aliweka unyasi wa mlulu kati ya kurasa ili asipoteze mahali, akaliacha daftari wazi kando ya simu.

"Kesho tunaanza na arobaini na mbili," alisema, na akafunga mlango, dirisha akaliacha kama lilivyo.